Oili ya Bure, Orodha ya Kulipia

Kijana wa gereji alichomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena na kumwonyesha mke wangu tone jeusi nchani. "Madam, hii ilishageuka lami." Mke wangu akacheka. Mimi nikatazama pembeni, maana aliyekuwa akisema "wiki ijayo tutamwaga" kwa miezi miwili ni mimi.

Ilikuwa Jumamosi, hapa Arusha, kwenye gereji ambayo jina lake tuliache. Getini walikuwa wametundika bango: sevisi bure kwa walimu na wafanyakazi wa shule, njoo na kitambulisho. Magari manne yalikuwa yametutangulia, IST mbili, Spacio na Raum moja iliyofungwa bampa kwa waya. Letu ni Vitz la mwaka 2001. Nyuma yetu akaingia mwalimu mmoja na pikipiki, Boxer iliyojaa vumbi mpaka kwenye vioo. Mlinzi akampokea vizuri kabisa, "Shikamoo mwalimu," kisha akamweleza kwamba ofa ni ya magari tu. Mwalimu hakubishana. Akaigeuza pikipiki, akaipiga kiki mara tatu ndipo ikawaka, akaenda zake.

Sisi tulimwagiwa oili bure kweli. Lita tatu na ushee, filta mpya, hatukudaiwa hata mia. Halafu ikaja karatasi. Pedi za mbele zimekwisha. Bushi za mbele zimekufa. Shokapu ya nyuma kushoto inavuja. Plagi zote nne zibadilishwe. Pamoja na ufundi, shilingi 412,000. "Tukizifanya leo leo, madam, tunakupunguzia, wewe ni mwalimu."

Tukaaga kwamba tunakwenda kujipanga. Jumatatu nikaliteremsha gari mtaa wa Unga Limited kwa fundi ninayemjua tangu nikiwa na baiskeli. Yeye hakuandika chochote. Akapiga jeki, akafungua tairi la mbele, akaitoa pedi na kuileta juani, akaweka ukucha wa dole gumba ubavuni mwake. "Mzee, hii bado ina nusu. Rudi mwezi wa sita." Plagi alizichomoa, akazipuliza, akazirudisha. Shokapu ilikuwa inavuja kweli, alinionyesha mafuta yalivyoteremka. Bushi nazo zilikuwa zimekwisha kweli.

Mnyonge mnyongeni: orodha ya gereji haikuwa ya uongo. Ilikuwa nusu kwa nusu. Ingekuwa ya uongo mtupu ingekuwa nafuu, unaikunja na kuitupa. Hii ya nusu ndiyo inayommaliza mwalimu, kwa sababu hana namna ya kujua nusu ipi ni ipi, na wakati huo amesimama pale akiwa na deni la fadhila. Ameshamwagiwa oili ya watu. Kwa malezi yetu, kumkatalia mtu aliyekukirimu asubuhi hiyo hiyo ni kazi nzito kuliko kutoa pesa. Nimeona mwenye Raum akilipa nusu ya orodha yake kwa simu palepale, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshawishika. Ulikuwa wa mtu anayeona haya.

Kwa hiyo nikiulizwa kama ofa hizi ni nzuri, nauliza kwanza hiyo bure imewekwa wapi. Ikiwekwa kwenye oili, gereji imetoa kitu cha bei ndogo na kubaki na kile cha bei kubwa, yaani kauli ya mwisho juu ya hali ya gari. Mimi ningeigeuza. Oili mwalimu ajinunulie. Apewe bure ukaguzi, uandikwe, na karatasi iwe mali yake.

Tupige hesabu, kwa sababu watu wengi hawaipigi. Tunakaa Moshono. Shule ya mke wangu iko mbele ya Ngaramtoni, unaacha lami na kuingia kwenye vumbi. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 50. Mwaka wa masomo wa shule zetu una siku 194. Zidisha, unapata kilomita 9,700 za kazini pekee, bila msiba wala harusi wala safari ya Kilombero sokoni. Oili ya kawaida humwagwa kila kilomita 5,000, kwa hiyo kwa mwaka ni mara mbili. Sisi kila mara inatugharimu kama 65,000 pamoja na filta. Petroli je? Vitz yetu inakwenda kilomita 14 kwa lita ikiwa na afya, hivyo inakunywa lita 690 na kidogo. Weka shilingi 2,900 kwa lita, unapata kama milioni mbili. Oili ya bure mara moja kwa mwaka, basi, ni kama asilimia tatu ya kile kinachomwagika kwenye tanki. Upepo wa matairi uliopungua kwa miezi bila mtu kuupima unaweza kukutafunia fedha za namna hiyo kimya kimya, na upepo ule fundi anaupima kwa dakika mbili.

Sidharau 65,000. Mwalimu kijana aliyesoma kwa mkopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi na Bodi ya Mikopo kabla hajaiona. Kuna kodi, kuna mfuko wa pensheni, kuna bima ya afya, kuna chama. Na gari lenyewe, kwa walimu wengi ninaowajua, limenunuliwa kwa mkopo wa SACCOS au benki, marejesho yanakatwa juu kwa juu. Gari linaingia nyumbani likiwa limeshajitengea fungu lake, na matengenezo yanasubiri kile kilichobaki. Kwa mtu wa hali hiyo 65,000 ni ada ya kitu fulani. Ila 412,000 ambayo nusu yake haikuhitajika ni shimo.

Na ukaguzi una thamani ambayo huwezi kuiona ukiwa umesimama getini. Mtazame mwalimu anayefundisha Kibosho, Uru au Mwika, huko juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, anayelala Moshi mjini. Asubuhi anapanda, injini inalalamika lakini inafika. Hatari yake iko saa tisa mchana, anaposhuka. Gari ni otomatiki, gia iko D, mguu uko kwenye breki kuanzia juu mpaka lami inapotulia huku chini. Diski zinapata moto, mafuta ya breki ya miaka minne yaliyokwishanyonya unyevu yanachemka, na pedali inaanza kuzama chini kama godoro. Hakuna taa inayowaka mapema kumwambia hayo. Fundi anayefungua kichupa cha mafuta ya breki na kuyaona yamekuwa kama chai ya rangi anaweza kumwambia, na anaweza kumfundisha katika sekunde hizo hizo kushusha gia iende 2 au L kwenye mteremko. Hilo halina spea ndani yake. Ndiyo maana halimo kwenye ofa.

Kwetu Arusha adui ni vumbi zaidi ya mteremko. Filta ya hewa ya mwalimu anayekwenda kila siku kwenye barabara za ndani huko Musa au Mwandet haifanani na ya karani anayetoka Njiro kwenda Mnara wa Saa. Ukiipiga na kiganja inatoa unga. Bango linalosema "sevisi" kwa wote wawili limewapima kwa kipimo kimoja.

Ofa za namna hii zimezoeleka sana Marekani. Kule wana wiki ya kuwashukuru walimu mwanzoni mwa Mei, na wana msimu wa kufungua shule kuanzia Agosti, na nyakati hizo gereji na wauza magari hutangaza oili ya bure kwa anayeonyesha kitambulisho cha shule. Masharti huwa ya herufi ndogo: oili ya kawaida tu, ukitaka sinthetiki ongeza, kiasi kadhaa tu, kwa miadi. Na wala hawafichi kwamba ni biashara. Kumwaga oili hakuna faida kubwa tangu hapo. Kazi yake ni kuliingiza gari ndani na kulinyanyua juu, ambako fundi anaona kila kitu na mwenye gari haoni kitu. Sina ugomvi na biashara. Mwenye gereji ana kodi ya pango, ana vijana wa kulipa, ana TRA. Asipopata wateja wapya, bure yake inakuwa sadaka, na sadaka ya gereji haivuki mwezi.

Ninachogombana nacho ni kunakili. Kule sehemu nyingi mtu hawezi kufika kazini bila gari, kwa hiyo "walimu na wafanyakazi wa shule" maana yake ni kweli walimu na wafanyakazi wa shule: mpishi ana gari, mfagizi ana gari, dereva wa basi la shule ana gari lake la kumfikisha kwenye basi. Hapa tumechukua maneno yaleyale tukayatundika getini, na watu wakadondoka njiani. Mpishi wa shule ya msingi anatembea. Mlinzi ana baiskeli, akiwa na bahati. Wengi wao hawamo hata kwenye orodha ya watumishi. Wanalipwa kwa makubaliano ya wazazi, kama ilivyokuwa kabla na baada ya elimu bila ada kuanza Januari 2016. Bango linadai kitambulisho. Mama anayepika uji wa watoto mia sita hana kitambulisho chochote chenye jina la shule. Ana mwiko.

Na walimu wenyewe wangapi wana magari? Sitatoa takwimu, nenda tu saa moja asubuhi kwenye uwanja wa shule yoyote ya kata nje ya mji uhesabu. Utakuta gari la mkuu wa shule na mengine mawili matatu, halafu pikipiki chini ya mti, na waliobaki wameshushwa na boda au wanakaa jirani. Serikali yenyewe ilipotaka Maafisa Elimu Kata wazifikie shule zao, mwaka 2018 iliwagawia pikipiki. Chombo cha shule za Tanzania kinajulikana, kina magurudumu mawili. Yule mwalimu wa Boxer aliyegeuzwa getini ndiye mlengwa halisi wa bango lile, kama bango lingeandikwa na mtu anayetazama barabara ya Ngaramtoni badala ya picha kwenye simu.

Wala pikipiki isingewafilisi. Inataka oili lita moja hivi. Kukaza cheni, kukaza spoku, kubadilisha plagi, kutazama viatu vya breki ya nyuma, ni kazi ya nusu saa kwa kijana anayejua. Kwa oili na filta ya Vitz letu moja wangehudumia Boxer tatu, na kila moja ingerudi, kwa sababu pikipiki humwagwa oili mara nyingi kuliko gari. Hata kwa macho ya biashara tupu, yule mlinzi alifukuza wateja watatu akampokea mmoja aliyekwenda kutengenezea Unga Limited.

Kuna suala la majira pia, na hapa nitapita haraka. Siku ya Walimu Duniani ni Oktoba 5, inaadhimishwa tangu 1994, na mabango mengi yanapenda siku hiyo kwa sababu inapendeza kwenye picha. Mwalimu wa Kitanzania anaumia Januari. Amelipia watoto wake sare na madaftari, mshahara wa Desemba umeliwa na sikukuu, na shule zinafunguliwa huku gari likiwa limetoka safari. Kwa Moshi ni zaidi: kuanzia tarehe 20 Desemba magereji yanafurika magari ya waliopanda kutoka Dar es Salaam "kwenda kuhesabiwa", yaani kurudi kwao kwa sikukuu, fundi hakamatiki hata kwa simu. Katikati ya Januari mafundi haohao wamekaa kwenye matairi wanacheza bao. Nafasi ipo na uhitaji upo, katika mwezi mmoja. Mwingine mzuri ni mwishoni mwa Februari, kabla masika hayajaanza, watu wakaangaliwe vifuta kioo na matairi yaliyobaki kipara.

Ukiniuliza nani aufanye huo ukaguzi wa bure kama gereji zinaogopa kupoteza spea, nitakuonyesha Chuo cha Ufundi Arusha, kipo tangu 1978 na kinafundisha ufundi wa magari. Moshi wana VETA. Vyuo vina wanafunzi wanaohitaji magari halisi yenye matatizo halisi, na walimu wana magari ambayo, Mungu anisamehe, hayana upungufu wa matatizo. Jumamosi mbili kwa mwaka, mkufunzi amesimama pembeni, mwanafunzi anajaza fomu: pedi zimebaki kiasi gani, matairi yana hali gani, nini kinavuja, nini kisubiri na nini kisisubiri. Mwanafunzi hauzi spea. Hana sababu ya kuua pedi iliyo hai.

Arusha tuna sababu yetu ya kutofanyia mzaha chombo chochote kinachobeba watu wa shule. Mei 6, 2017, basi dogo la shule liliporomoka kwenye korongo pale Rhotia, Karatu. Tukapoteza wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulijaa majeneza, na aliyekuwa mjini siku zile hahitaji kukumbushwa. Sidai kwamba fomu ya Jumamosi ingezuia lile. Nasema tu kwamba tangu hapo, nikisikia neno breki na neno shule katika sentensi moja, siwezi kulisikiliza kama tangazo la biashara.

Kitu kingine kidogo, nakitaja kwa sababu wasomaji walimu watakiwaza. Ofa ya wazi kwa walimu wote haina doa. Lakini mwenye gereji ambaye mwanawe yuko darasa la nne, akamwita mwalimu wa darasa la nne peke yake, "Madam, lete gari lako nikuangalizie," hiyo ni hadithi tofauti, hata kama imeanza kwa moyo mweupe. Mke wangu aliwahi kuitwa hivyo. Alishukuru, hakwenda, na mwezi mzima kila mzazi yule akija kumchukua mtoto wakawa wanasalimiana kwa mbali.

Nilirudi kwenye ile gereji wiki mbili baadaye. Sikwenda kugombana, nilikwenda kununua shokapu, na bei yao haikuwa mbaya. Mwenye gereji ni mtu wa kuongeleka. Tukakaa kwenye benchi chini ya bango lake ambalo upepo ulikuwa umeanza kulikunja pembe, nikamweleza mambo mawili: pikipiki ziingie, na ukaguzi uandikwe kwenye karatasi yenye mhuri ambayo mwalimu anaondoka nayo, awe amenunua kitu au hakununua.

La pikipiki alilikubali kabla sijamaliza. Alisema ana kijana mmoja anayezijua vizuri na mara nyingi hana kazi. La karatasi akalifikiria. Akaita mtu alete chai, akakoroga sukari muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Kaka, nitakwambia ukweli," akasema. "Nikimpa ile karatasi, atakwenda nayo kwa fundi wake."

"Mimi nilikwenda bila karatasi," nikamwambia.

Akacheka, akauliza pedi zile zilikuwa zimebaki kiasi gani.